Kutoka Flashi hadi Diski: Majaribio na Usakinishaji wa Kudumu wa Linux katika Mazingira ya Kigombe, Tanga

1.0 Utangulizi

Kigombe ni kijiji cha wavuvi kilichopo katika Wilaya ya Muheza, kusini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani. Mbele yake ni bahari, ambayo tangu mwaka 2009 imo ndani ya Hifadhi ya Silikanti Tanga. Nyuma yake ni mashamba ya mkonge. Katika kijiji cha namna hii kompyuta si chombo cha kila nyumba. Ikipatikana, aghalabu huwa moja, tena iliyokwisha kutumika kwingine, na hutegemewa na watu kadhaa kwa kazi zisizofanana: barua za ofisi, mitihani ya shule, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, na kumbukumbu za samaki wanaoshushwa pwani.

Kompyuta za aina hiyo zimefikia njia panda. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11, inayopaswa kuchukua nafasi yake, inadai kichakato cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, sifa ambazo kompyuta nyingi za mitumba hazina. Mmiliki anaweza kuendelea na mfumo usiopata tena masahihisho ya usalama, kununua kompyuta nyingine, au kuhamia Linux, ambayo haina ada ya leseni na hutenda kazi katika vifaa vya zamani.

Makala haya hayajadili kama Linux ni bora kuliko Windows. Yanashughulikia suali dogo zaidi, ambalo ndilo linalomkabili mtu mwenye kompyuta moja: atahamaje bila kupoteza kilichomo? Kwa ajili ya ufafanuzi, inachukuliwa hali ya kufikirika ya katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vikundi vinavyojulikana zaidi kwa kifupisho cha BMU, ambaye ana kompyuta mpakato moja yenye kumbukumbu ya muda ya GB 4. Ndani ya diski yake mna daftari la mavuno la miaka kadhaa, na nakala nyingine haipo popote.

Maelekezo mengi ya usakinishaji huyafanya majaribio kuwa ukumbi wa kupitia tu: mtumiaji huwasha kompyuta kwa flashi, hutazama mandhari ya skrini kwa dakika kumi, kisha hubofya alama ya kusakinisha. Mtazamo unaotetewa hapa ni kwamba majaribio na usakinishaji ni matendo mawili yenye hatari tofauti kabisa. La kwanza husamehe karibu kila kosa, ilhali la pili halisamehi. Kwa hiyo kila suali linaloweza kujibiwa katika hatua ya kwanza halina budi kujibiwa humo.

2.0 Toleo mubashara na namna linavyotenda kazi

Linux yenyewe ni kerneli, yaani kiini kinachounganisha programu na vifaa vya kompyuta. Anachopata mtumiaji ni mkusanyo: kerneli hiyo pamoja na mazingira ya skrini, programu za ofisi, kivinjari na zana za kusakinishia. Debian, Ubuntu na Linux Mint ni mikusanyo ya namna hiyo. Neno "mubashara", ambalo wasemaji wa Kiswahili wamelizoea kwa matangazo yanayorushwa tukio likiwa linaendelea, linatumika hapa kwa toleo la mkusanyo linalotenda kazi papo hapo kutoka katika chombo kilicholibeba, bila kwanza kuwekwa kwenye diski ya kompyuta.

Utendaji wake si wa muujiza. Mfumo mzima umebanwa ndani ya faili moja kubwa lisiloandikika, mara nyingi kwa mtindo uitwao squashfs. Kompyuta inapowaka, faili hilo husomwa kutoka kwenye flashi, na juu yake hutandazwa tabaka la maandishi lililomo ndani ya kumbukumbu ya muda. Mfano ulio karibu ni wa karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya ramani: alama zote huchorwa kwenye nailoni, na nailoni ikiondolewa ramani hubaki kama ilivyokuwa. Kila anachokifanya mtumiaji, kuanzia kubadili rangi ya skrini hadi kuongeza programu, huandikwa kwenye nailoni hiyo. Kompyuta ikizimwa, hutoweka.

Umeme ukikatika katikati ya majaribio, jambo lisilo geni mwambao huu, hakuna kinachoharibika isipokuwa kazi ya saa ile. Upande wa pili, tabaka hilo hula kumbukumbu ya muda, na usomaji kutoka flashi ni wa polepole. Kompyuta ya GB 4 itaonekana nzito kuliko itakavyokuwa baada ya usakinishaji. Mtu anayeihukumu Linux kwa kasi ya toleo mubashara anahukumu flashi.

Wazo hili lina zaidi ya miaka thelathini. Yggdrasil, mkusanyo uliotoka Marekani mwaka 1992, uliweza kuwashwa kutoka kwenye CD. Knoppix ya Klaus Knopper wa Ujerumani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ndiyo iliyoueneza mtindo huu kwa watumiaji wa kawaida. Ubuntu, ambayo jina lake msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ndugu wa neno "utu", ilianza mwaka 2004 kwa kutoa diski mbili, moja ya kujaribia na nyingine ya kusakinishia. Katika toleo 6.06 la Juni 2006 kazi hizo ziliunganishwa katika diski moja. Hadi mwaka 2011 diski zake ziliweza kuagizwa kwa posta bila malipo kutoka popote duniani, huduma iliyokuwa na maana kubwa kwa nchi ambazo kupakua faili la ukubwa huo kulikuwa kazi ya siku nzima au zaidi. Leo mzigo huo umerudi kwa mtumiaji: faili la Linux Mint hukaribia GB 3, na la Ubuntu huzidi GB 5.

Mwaka huohuo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilikuwa kikiendesha mradi wa Kilinux wa kuzitafsiri programu huria kwa Kiswahili. Tunda lake lililojulikana zaidi ni Jambo OpenOffice. Programu ya ofisi ina nafuu moja ambayo mfumo mzima hauna: inaweza kuwekwa kando ya nyingine na kuondolewa isipopendeza. Mtumiaji hakulazimika kuacha Windows ili aandike barua katika programu yenye menyu za Kiswahili. Toleo mubashara linaipa Linux nzima nafuu ileile, ya kujulikana kabla ya kukubaliwa.

3.0 Majaribio yenye maswali

Kabla ya flashi kuchomekwa kuna hatua moja ambayo wengi huiruka. Faili lililopakuliwa linapaswa kuhakikiwa kwa alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao watengenezaji huutangaza pamoja na faili. Faili likipungukiwa hata baiti moja, mfuatano hubadilika wote. Kwa mtu aliyepakulia Tanga mjini na kurejea Kigombe, kugundua ubovu wa faili akiwa bado mjini ni tofauti ya nauli. Aidha, flashi inayotayarishwa hufutwa yote. Flashi ya GB 8 inatosha kwa Mint, lakini isiwe ileile yenye picha za harusi.

Kompyuta huwashwa kutoka flashi kwa kubonyeza kitufe cha kuchagulia chombo, ambacho hutofautiana kwa kampuni: F12, F9 na Esc ni miongoni mwa vinavyotumika. Ikiwa skrini itajaa makosa ya usomaji, haifai kuharakisha kulaumu Linux. Hewa ya chumvi hula shaba ya matundu ya USB, na tundu lililoota kutu hukatiza usomaji katikati. Kujaribu tundu jingine huchukua dakika mbili.

Suali la kwanza ambalo majaribio yanaweza kulijibu kwa uhakika ni la vifaa. Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kompyuta ikifunikwa na kufunuliwa, inaamka? Kichapishi kinatambuliwa? Wi-Fi ikishindwa, simu ya mkononi iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti kwa kawaida hutambuliwa bila programu ya ziada, na kupitia njia hiyo programu endeshi inayokosekana inaweza kutafutwa. Katika hatua hiihii diski ya kompyuta inafaa kupimwa. Zana ya diski iliyomo katika mikusanyo mingi husoma taarifa za afya ambazo diski yenyewe hujiwekea, zikiwamo idadi ya saa ilizotumika na sehemu zilizokufa. Diski yenye sehemu zilizokufa zinazoongezeka haistahili mfumo wowote. Inachostahili ni kunakiliwa mapema.

Suali la pili ni la lugha. Kiswahili cha Tanzania kinatambuliwa katika mipangilio ya Linux kwa alama sw_TZ, na LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, ina menyu za Kiswahili. Hata hivyo, kiasi cha tafsiri hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, na mtumiaji anayechagua Kiswahili hukutana na skrini iliyochanganyika. Ni afadhali alione hilo mapema kuliko kudhani baadaye kwamba amekosea kusakinisha.

Kibodi nayo ina mtego wake. Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu, hivyo mpangilio wa Marekani unatosha. Lakini anayechagua mpangilio wa Marekani wa "kimataifa", akidhani ndio unaofaa zaidi kwa asiye Mmarekani, atakuta kitufe cha king'ong'o kimegeuka kuwa kitufe kinachosubiri herufi inayofuata ili kiiwekee alama. Akiandika "ng'ombe" atapata "ngómbe". Katika kumbukumbu za wavuvi, kosa hilo hugawa jina moja kuwa mawili, na anayetafuta jina kwa tahajia sahihi halioni. Dawa yake ni kuchagua mpangilio wa kawaida wa Marekani, au ule wa Tanzania, na kuandika neno hilo mara moja kabla ya kuendelea.

La hatari zaidi ni tarehe. Toleo mubashara huwaka likiwa na mipangilio ya Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Katibu anapofungua daftari lake katika LibreOffice, tarehe za zamani hubaki salama, kwa kuwa zimehifadhiwa kama namba. Tatizo ni safu mpya. Akiandika 4/3/2025 kwa maana ya tarehe nne Machi, programu huielewa kuwa tarehe tatu Aprili, bila onyo. Akiandika 13/3/2025, programu haioni mwezi wa kumi na tatu, hivyo huiacha kama maandishi matupu. Matokeo yake ni kwamba siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi hutawanyika katika miezi mingine, isipokuwa ile ambayo siku na mwezi wake ni namba moja, na siku zinazobaki huachwa nje ya hesabu yoyote inayopanga mavuno kwa mwezi. Jedwali linaendelea kuonekana nadhifu. Kosa hugunduliwa pale mtu anapolinganisha Machi na Aprili na kujiuliza ni samaki gani walioadimika kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo jaribio la maana si kufungua programu tupu, bali kufungua nakala ya daftari halisi, kuongeza safu tano, na kuangalia kama jumla za mwezi zinakubaliana na zile za karatasi. Mpangilio wa LibreOffice ukibadilishwa kuwa Kiswahili cha Tanzania, siku hutangulia mwezi, na jaribio hurudiwa. Fomula za kawaida huvuka salama kutoka Excel. Programu ndogo ndogo zilizoandikwa ndani ya majedwali, yaani makro, mara nyingine hazivuki. Anayezitegemea anapaswa kulijua hilo akiwa bado na njia ya kurudi.

Inasemwa mara nyingi kwamba toleo mubashara haliachi alama yoyote. Kauli hiyo ni kweli kuhusu faili, lakini si kweli kabisa kuhusu saa. Windows huiweka saa ya ndani ya kompyuta katika muda wa mahali, wakati Linux kwa kawaida huichukulia kuwa katika muda wa kimataifa, ambao Afrika Mashariki imeuzidi kwa saa tatu. Toleo mubashara likiunganishwa na intaneti hupata muda sahihi na linaweza kuuandika kwenye saa hiyo ya ndani kwa mtindo wake. Katibu akirudi Windows saa nne asubuhi, kompyuta inaweza kumwambia ni saa moja. Si uharibifu, na husahihishwa kwa dakika moja, lakini asiyejua chanzo chake hudhani betri ndogo ya saa imekufa. Anayenuia kubaki na mifumo yote miwili ataipokea hitilafu hii kila anapohama, hadi pale Linux itakapoelekezwa kutumia muda wa mahali.

4.0 Kuingia kwenye diski

Programu ya kusakinisha hutoa njia kuu tatu: kufuta diski yote, kuiweka Linux kando ya Windows, au mtumiaji kugawa diski kwa mkono wake. Ya pili ndiyo inayopendekezwa kwa wanaoanza, kwa hoja kwamba haifuti kitu. Hoja hiyo ina kasoro inayoonekana zaidi mahali penye umeme wa kukatikakatika. Ili kuipa Linux nafasi, sehemu ya diski yenye Windows hupunguzwa, na ikiwa faili zimetawanyika hadi mwisho wake, huhamishwa kwanza. Kazi hiyo huweza kuchukua zaidi ya saa moja katika diski ya kuzunguka. Umeme ukikatika hapo, na betri ya mpakato ikiwa imechoka kama zilivyo nyingi za mitumba, diski hubaki na ramani isiyolingana na yaliyomo. Njia inayoonekana ya upole inaweza hivyo kuwa ya hatari kuliko kufuta diski ambayo nakala yake imehifadhiwa kwingine.

Wanaoichagua hata hivyo wana mambo mawili ya kutazama ndani ya Windows kwanza. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hakuifungi diski kikamilifu: sehemu ya mfumo huhifadhiwa ili kuwaka kwa siku inayofuata kuwe kwa haraka, na Linux hukataa kuandika kwenye diski iliyoachwa katika hali hiyo. Kuanzisha upya badala ya kuzima, au kushikilia kitufe cha Shift wakati wa kuzima, hukamilisha ufungaji. Jambo la pili ni BitLocker. Ikiwa diski imefumbwa kwa mfumo huo, ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi kabla ya lolote, kwa sababu mabadiliko ya namna ya kuwaka yanaweza kuufanya uulizwe, na bila ufunguo huo daftari la mavuno halifunguki tena.

Kuhusu nakala rudufu maelezo yanaweza kuwa mafupi. Nakala iliyo kwenye diski ileile inayotarajiwa kugawanywa haihesabiki. Nakala kwenye flashi ambayo haijafunguliwa katika kompyuta nyingine ni nusu ya nakala.

Kwa hali ya katibu aliyechukuliwa kama mfano, ipo njia ya nne ambayo haimo katika menyu yoyote: kununua diski ndogo ya SSD ya inchi 2.5, kuitoa diski ya zamani kwa bisibisi, na kuisakinisha Linux kwenye diski mpya peke yake. Linux Mint hudai angalau GB 20 na hupendekeza GB 100, hivyo hata SSD ndogo zinazouzwa sasa zinatosha. Gharama ipo. Lakini kwa gharama hiyo hatari ya kugawa diski huondoka yote: umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, kinachopotea ni diski tupu, na kazi huanzwa upya. Kompyuta iliyokuwa nzito kwa diski ya kuzunguka hupata pia wepesi ambao hakuna mabadiliko ya mfumo pekee yangeuleta. Njia hii haifai kwa kompyuta ambazo diski yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Wenye hizo hawana budi kurudi kwenye nakala rudufu na betri iliyojaa.

Usakinishaji wenyewe, baada ya maandalizi hayo, ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Huchaguliwa lugha, kibodi, na ukanda wa saa wa Dar es Salaam. Hutajwa diski, ambayo inafaa kutambuliwa kwa ukubwa wake na si kwa nafasi yake katika orodha, maana flashi nayo huorodheshwa. Hupewa jina la mtumiaji na nywila. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi ipewe akaunti zaidi ya moja, ili mitihani ya shule isikae pamoja na hesabu za mikopo. Masahihisho ya kwanza huweza kufikia mamia ya MB, na kwa anayelipia intaneti kwa vifurushi ni busara kuyaahirisha hadi atakapofika penye mtandao wa bei nafuu, mradi yasiahirishwe kwa miezi.

Mfumo mpya huwaka ukiwa hauna kumbukumbu ya majaribio, kwa sababu nailoni ilikwisha kuondolewa. Mpangilio wa tarehe katika LibreOffice hurudi kufuata lugha iliyochaguliwa wakati wa kusakinisha, na aliyechagua Kiingereza cha Marekani kwa mazoea atakuwa amerudi kwenye kosa lilelile la siku na mwezi. Karatasi iliyoandikwa mipangilio wakati wa majaribio huhitajika siku hii. Safu tano za daftari huandikwa tena na jumla zake hulinganishwa, na hapo ndipo mavuno ya siku yanapoingizwa. Diski ya zamani hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa, huandikwa tarehe iliyotolewa, na kuwekwa mbali na dirisha linalotazama bahari.